Liz & Dick, Man in the Mirror, Britney Ever After au Sophia Loren: uanze na ipi kati ya muvi hizi zilizotaka tulie, tukaishia kucheka?

Kuna watu wameshaambiwa na marafiki "tafuta ile muvi ya Lindsay Lohan akiwa Elizabeth Taylor, utavunjika mbavu", wakienda kuitafuta wanakutana na nyingine kumi za aina hiyohiyo, wanabaki wamekwama hawajui waanze na ipi. Haya, hii ni yenu. Nimechukua nne tu, zote zilitengenezwa kwa ajili ya tivii ya Marekani, zote zinasimulia maisha ya mtu maarufu: Sophia Loren: Her Own Story (NBC, 1980), Man in the Mirror: The Michael Jackson Story (VH1, 2004), Liz & Dick (Lifetime, 2012) na Britney Ever After (Lifetime, 2017). Na zote zilitengenezwa na watu waliokuwa wanamaanisha kabisa.

Hilo la kumaanisha ndio roho ya jambo lenyewe. Muvi mbaya ziko nyingi na nyingi zinachosha tu, unazima unalala. Hizi ni kitu kingine, zina mbwembwe, machozi, wigi, vito, muziki unaopanda hata mtu akifungua mlango, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa anatania. Wazungu wana neno lao, kempu (camp), na mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliandika insha maarufu kuhusu hiyo kempu mwaka 1964, hoja yake moja nimeishikilia mpaka leo, kwamba ile safi kabisa ni ile isiyojijua. Ndio maana Beyond the Candelabra ya HBO ya 2013, Michael Douglas akiwa mpiga piano Liberace, siiweki humu. Ile ilijua inachofanya tangu mwanzo, ni muvi nzuri sana ila iko kundi lingine. Na Mommie Dearest ya 1981 naiacha kwa sababu ilikuwa ya majumba ya sinema sio ya tivii, ingawa ndio mama wa hizi zote: Faye Dunaway akiwa Joan Crawford, staa wa zamani wa Hollywood, usiku wa manane, uso umepakwa krimu nyeupe, anamfokea mtoto kisa hanga za waya, na watu walicheka mpaka Paramount, kampuni iliyoitoa, wenyewe wiki chache baadaye wakabadilisha matangazo waendane na kicheko.

Nitazipima hizi nne kwa mambo manne: anayeigiza na kama tunamwamini, nyimbo na ruhusa, maneno wanayoongea, na la mwisho ambalo kwangu ni zito kuliko yote, huyo tunayemcheka alikuwa anaumwa wapi.

Anayeigiza ni nani

Liz & Dick hapa ndio ina utajiri wake wote. Lohan alikuwa na miaka 26 ilipoonyeshwa, na amepewa kazi ya kumbeba Elizabeth Taylor kuanzia kwenye seti ya Cleopatra, Taylor akiwa amegusa thelathini, mpaka mwaka 1984 anapofariki Richard Burton, mwigizaji aliyekuwa mume wake, ndiye huyo Dick, Taylor ana 52. Sasa angalia wanavyofanya: wigi linabadilika, gauni linabadilika, vito vinaongezeka, sura inabaki ileile ya binti wa miaka 26. Alafu kuna vile vipande ambavyo Liz na Dick wamekaa kwenye viti vya madairekta, wamevaa nguo nyeusi, nyuma yao giza tupu, wanatuelezea mapenzi yao kama vile wanaongea nasi kutoka ng'ambo ya kaburi. Mara ya kwanza nilipoviona nilidhani runinga imepata hitilafu imeingia kwenye mahojiano mengine. Ila nisimwonee Grant Bowler, yeye anamwigiza Burton kwa heshima kabisa, ile sauti nzito anaihangaikia, na Lohan naye kuna dakika anaacha kumwigiza Taylor anakuwa msichana tu anayependa kupita kiasi, hapo anakuwa mzuri kweli.

Sophia Loren ni kituko cha aina yake kabisa kwa sababu anayemwigiza Sophia Loren ni Sophia Loren. Ana miaka 46, anajiigiza mwenyewe, na juu ya hapo anamwigiza mama yake mzazi, Romilda. Utoto wake umeigizwa na wengine ila akishakua tu anachukua usukani. Unamwona John Gavin amekuwa mwigizaji Cary Grant, Rip Torn amekuwa Carlo Ponti mume wa Sophia, na katikati yao amesimama mtu mwenyewe, anakumbuka yaliyompata kwa kuyafanya tena mbele ya kamera. Ukisikia hivyo unacheka. Lakini ujue Romilda ujanani alishinda shindano la kufanana na staa wa sinema Greta Garbo, mama yake akamkatalia kwenda Hollywood, akabaki na ndoto yake Pozzuoli na watoto wawili ambao baba yao hakumuoa. Kwa hiyo binti aliyepata kila kitu mama alichonyimwa, anavaa nguo za mama, anayalia machozi ya mama. Mimi hapo kicheko kiliniisha nikabaki naangalia tu.

Flex Alexander kwenye Man in the Mirror ni mtu aliyeanzia kwenye kudansi na watu wengi walimjua kwa komedi ya One on One, kwa hiyo mwili unaitika. Tatizo ni mekapu. Muvi inavyosonga uso wake unazidi kupauka, na ile rangi haikai kama ngozi, inakaa kama kitu kilichopakwa, unaona kabisa pale shavu linapokutana na shingo. Natasha Bassett naye, Muaustralia, kwa Britney amejitahidi ile sauti ya pua na ile aibu ya kitoto, nadhani amefanya kazi kubwa kuliko walivyomshukuru.

Nyimbo na ruhusa

Hapa inabidi nieleze kidogo maana ndipo vituko vingi vinapozaliwa. Marekani unaweza kutengeneza muvi kuhusu mtu maarufu bila kumuomba ruhusa, sheria ya uhuru wa kujieleza inakulinda mradi humzushii uongo wa kumharibia. Lakini wimbo ni mali. Kuuweka wimbo kwenye picha lazima wenye wimbo wakubali, na wakikataa ndio basi. Kwa hiyo unapata muvi ya mwanamuziki ambayo ina kila kitu isipokuwa muziki wake.

Man in the Mirror ndio mfano mkubwa kuliko yote, muvi nzima ya Michael Jackson haina rekodi yake hata moja. Na jina lenyewe la muvi wamelichukua kwenye wimbo wake uliokuwa kwenye albamu ya Bad ya 1987! Jina la wimbo halina hakimiliki, wimbo unayo, kwa hiyo jina unalisoma kwenye kava ila wimbo husikii. Unamwona mtu amevaa glavu, kofia, soksi zinazometa, umati unapiga kelele, na masikio yako yanasubiri ule mdundo unaoujua tangu utotoni, hauji. Inashangaza jinsi mwili wa msikilizaji unavyoukosa, mimi nilijikuta naimba mwenyewe kujazia.

Kama unataka kujua ingekuwaje zingekuwepo, kaangalie The Jacksons: An American Dream ya ABC ya mwaka 1992, ile ilifanywa na familia ikiwemo ndani, nyimbo za kweli zipo, Angela Bassett ni mama Katherine. Kuna kile kipande cha Tito, kaka yake Michael, kuchukua gitaa la baba kwa siri, uzi ukakatika, baba Joseph anarudi kutoka kiwandani, nyumba nzima inashikilia pumzi, alafu baada ya hasira anamwambia haya onyesha unachojua. Hiyo haina ukempu, hiyo ni tamthilia imara, naitaja tu ili uone tofauti ambayo ruhusa inaleta.

Britney Ever After ilikutana na ukuta uleule, Britney hakuhusika na nyimbo zake kubwa hazimo, wameziba pengo kwa nyimbo za watu wengine. Ila wao walipata pa kutokea, wakaweka kudansi pale ambapo kungekuwa na kuimba, na hapo ndipo kikazaliwa kipande ambacho kwa maoni yangu ndio kilele cha hizi nne zote. Britney na Justin Timberlake wameshaachana, wanakutana klabu, watu wanawapisha katikati, wanaanza kujibizana kwa kudansi. Mmoja anamaliza, mwingine anajibu. Na nyuso zao sio za watu wanaocheza, ni za watu walio mahakamani, kila hatua ni shtaka, kila mzunguko wa kichwa ni utetezi. Hakuna anayetabasamu. Nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi sana na bado sijaichoka.

Liz & Dick na Sophia hawana shida ya nyimbo maana mastaa wenyewe sio waimbaji, kinachowapa shida wao ni muvi ndani ya muvi. Liz & Dick inabidi ionyeshe Cleopatra, muvi ambayo iliitikisa studio ya Fox nzima kwa gharama, kwa bajeti ya tivii. Unaweza kuhesabu watu wa umati.

Wanavyoongea

Kwanini muvi hizi wanaongea hivyo, kila mtu anatangaza anachohisi kana kwamba anasoma hati ya kiapo? Kuna sababu. Maisha ya miaka ishirini yanabanwa kwenye saa moja na nusu maana matangazo ya biashara yanakula zilizobaki, na kila kabla ya matangazo lazima kuwe na kishindo ili usibadilishe chaneli. Alafu mtu anaweza kuanza kuangalia katikati, kwa hiyo mhusika lazima akumbushe yeye ni nani na leo ni mwaka gani. Ukishajua hilo unaanza kuvisikia vile vishindo vikija, yaani unajua tu huyu sasa hivi atavunja glasi.

Liz & Dick inaongoza mbali. Kuna pale Liz anapiga kelele "nimeboreka, nimeboreka kabisa!" na ule mstari ulitangulia hata muvi yenyewe, ulikuwa kwenye trela, watu walikuwa wanausema kabla haijaonyeshwa. Kila wakigombana wanagombana kama wako jukwaani, kila wakipatana kito kinatolewa mfukoni. Na cha kuchekesha kweli ni kwamba watu wenyewe walikuwa hivyohivyo, Burton mwaka 1969 alimnunulia almasi ya karati 69.42, wakaoana 1964 wakaachana 1974 wakaoana tena mwaka uliofuata, safari hii Kasane, Botswana, wakaachana tena. Kwa hiyo sio kwamba skripti imezidisha, maisha yao yalikuwa makubwa kuliko skripti, shida ni kwamba kitu kikubwa hivyo kikibanwa ndani ya dakika chache kinatoka na sauti ya kugongana.

Britney imejengwa kama mahojiano ya filamu ya makala, Britney anamjibu mtu wa kamera alafu tunarudi nyuma kuona yaliyotokea, kwa hiyo maelezo yanaingia kirahisi na ni rahisi kuifuata. Sophia ina mwendo wa zamani, taratibu, wanaongea sentensi ndefu na wanatazama dirishani. Man in the Mirror ina tabia ya kila mtu kumwambia Michael yeye ni mtoto asiyekua, anaambiwa hivyo kwa namna mbalimbali mpaka mwisho.

Maumivu yaliyo chini yake

Hapa ndipo nataka usome taratibu kabla hujakusanya watu wa kucheka nao.

Muvi ya Britney niliiangalia mara ya kwanza na ndugu zangu, tulicheka hadi machozi kwenye ile sehemu ya klabu. Niliirudia baada ya Novemba 2021, mahakama ilipouondoa ule usimamizi uliokuwa umemshikilia tangu 2008, miaka kumi na tatu watu wengine wakiamua pesa zake na mwili wake. Nilipofika pale anaponyoa nywele nilizima. Muvi haijabadilika, ni ileile, ila sisi tumejua. Na kitu ambacho nimekigundua nilipoimalizia siku nyingine ni kwamba nusu ya kwanza, ya mapenzi na klabu na kudansi, bado inachekesha kwa moyo safi, nusu ya pili hapana. Kwa hiyo ninayo namna yangu, naangalia ya kwanza na watu, ya pili naiangalia peke yangu au naiacha.

Michael Jackson ni mgumu zaidi. Muvi ilionyeshwa Agosti 2004 wakati kesi yake ya California, ya tuhuma za kumdhulumu mtoto kingono, ilikuwa inasubiri kusikilizwa, akaja kuachiwa kwa mashtaka yote Juni 2005, akafariki Juni 2009. Na ile mekapu tunayoicheka, yeye mwenyewe alimwambia Oprah mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa wa ngozi unaoharibu rangi. Kama kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa huo, vitiligo, usimuwekee hii muvi akiwa kwenye kundi linalocheka. Na kama kuna mtu ambaye tuhuma za watoto zinamgusa kwa karibu, vilevile.

Liz & Dick inachekesha kwa urahisi kuliko zote, wote wawili walishatangulia, maisha yao waliyaishi hadharani kwa kupenda, walikunywa, waligombana, walisameheana, na sidhani Taylor mwenyewe angekasirikia mbwembwe. Sophia hata haina kidonda unachokichokonoa, yeye ndiye aliyeamua asimulie.

Kuna mbili ambazo watu huwa wanaziweka kwenye orodha za namna hii na mimi sijaziweka kwa makusudi. Ya mwimbaji Aaliyah ya Lifetime ya 2014, ilichekwa sana mitandaoni kwa sababu waigizaji hawakufanana na watu waliowaigiza, lakini ndani yake kuna ndoa ya mwaka 1994 ya binti wa miaka 15 na mtu mzima na muvi inaiweka kama mapenzi. Sicheki hapo. Na The Karen Carpenter Story ya CBS, ya mwimbaji Karen Carpenter, iliyoonyeshwa siku ya mwaka mpya 1989, kuna watu wanacheka ule ukali wa mama na vile Karen anavyoanguka jukwaani, mimi najua Cynthia Gibb aliyemwigiza alivaa nguo za Karen mwenyewe, nguo za mtu aliyekufa na miaka 32 kwa sababu ya ugonjwa wa kutokula, na nikishajua hivyo naiona kama muvi ya msiba.

Kwa hiyo uanze na ipi

Mkiwa wengi, sebule imejaa, mnataka kelele: Liz & Dick. Haihitaji kujua chochote kabla, ni fupi, na kila dakika kumi kuna gauni jipya. Wapeni wageni waliochelewa dakika mbili za maelezo watashika.

Kama wewe ni mtu wa dansi au ulikua na muziki wa miaka ya 2000, Britney, ila gawanya kama nilivyosema.

Kama unasomea uandishi wa skripti au unatengeneza video na unataka kuelewa kitu kinaharibikia wapi, Man in the Mirror itakufundisha zaidi ya zote, hasa ukiiweka ubavuni mwa The Jacksons ya 1992, angalia Michael yuleyule, mwenye nyimbo na asiye na nyimbo. Kwa kuburudika tu sio ya kwanza kuchagua.

Kama uko peke yako, jioni imetulia, huna haraka, na unapenda muvi za zamani zenye rangi zilizofifia: Sophia Loren. Ndio ndefu na ndio ngumu kuipata, ila ukiipata usiikimbize mbele, subiri aingie kama mama yake.

Na kama mko wawili, mmoja anataka kucheka na mwingine anataka kulia, rudini kwa Liz & Dick, chekeni mnavyotaka, ila pale Burton anapokaa kuandika barua mwaka 1984 punguzeni sauti. Barua hiyo ilikuwepo kweli, aliituma siku chache kabla ya kufa, na ilimfikia Elizabeth wakati Burton ameshazikwa.